Gunia la Viazi Juu ya Pikipiki ya Mbio

Baba Shiro, rafiki wa zamani, alinipigia simu nikiwa sokoni Chaka nikichagua vitunguu, akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba Hamisi alifariki alfajiri, figo zilikataa kabisa, na kwamba angezikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri. "Ukitoka sasa utapata watu," alisema. "Ukichelewa utapata udongo." Nilichelewa. Niliweka vitunguu chini, nikaviokota tena, nikaketi garini nimeshika usukani bila kuwasha injini, na nilipoingia Majengo, mtaa wa Waislamu wa mji wa Nyeri, wanaume walikuwa tayari wanarudi kutoka makaburini na udongo mwekundu viatuni. Mimi na Hamisi hatukuwa tumezungumza sawasawa tangu nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na sita. Tulisalimiana, ndiyo. Nyeri ni mji mdogo, na tukikutana mbele ya benki tungeulizana habari za nyumbani na za mvua, kisha kila mmoja akashika njia yake kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Lakini kulikuwa na mwaka mmoja ambao sikumjua mtu yeyote kama nilivyomjua yeye. Kazi yangu ya maisha imekuwa kuuliza watu waliona nini na kuyaandika kwa mpangilio, kwa hivyo mwaka ule nao nitaueleza hivyo hivyo, kadiri ninavyoweza.

Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya mama yake, nikituma habari za Nyeri kwa gazeti moja: kesi za mahakamani, bei ya viazi, ajali za barabarani. Hamisi alikuwa anauza viatu sokoni. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa nusu sebule, nusu hoteli. Mama Hamisi alipika pilau siku za Ijumaa, na wateja walikula wakiwa wamebanana kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, sahani magotini, huku mvuke ukitoka jikoni na kuyaloanisha madirisha. Mama huyo alizaliwa Nyeri, na baba yake pia. Alisali kwa Kiarabu, akauza kwa Kiswahili, na akikasirika alitukana kwa Kikuyu safi kuliko changu. Pale ndipo nilipoyasikia mazungumzo ya pikipiki kwa mara ya kwanza, kwa sababu Hamisi hakuwa na mazungumzo mengine. Hakutaka boda, ile pikipiki ya kubeba abiria inayojaa kila kona ya mji. Alitaka pikipiki ya mbio, ile ambayo mwendeshaji analalia tangi kama mtu anayenong'ona. Mimi pia nilikuwa nimeanza kuitamani, ingawa nilijificha nyuma ya kazi; nilisema nahitaji kufika mahakama ya Karatina haraka. "Sema ukweli," Hamisi aliniambia. "Wewe unataka upepo kama mimi. Usinidanganye na mambo ya korti."

Kwa hivyo tukajifunza pamoja. Baba Shiro, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa boda kule Endarasha, alitufundisha wakati wa masika, kwenye barabara za udongo ambazo mvua ilizigeuza uji. Tulienda Jumapili asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mashamba ya kabeji, tukaanguka, tukacheka, tukaanguka tena. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaiota. "Hii breki ya mbele sahau iko. Hiyo ni ya urembo. Ukiigusa hapa kwa matope inakutupa kama gunia. Kanyaga ya mguu, peke yake." Nataka niseme hili waziwazi, kwa sababu miaka mingi baadaye nilisikia watu wakimlaumu: kwenye matope ya Endarasha alikuwa anasema kweli. Kila mtu aliyeanguka mbele yetu aliangushwa na gurudumu la mbele. Tulikula githeri ya moto, mahindi na maharagwe, kibandani, mikono ikiwa imekufa ganzi, na Baba Shiro akatupima kwa macho, mimi kisha Hamisi, akasema, "Nyawira anaendesha kama mtu anabeba mayai. Hamisi anaendesha kama mtu ameiba hayo mayai."

Mama Hamisi alikataa kwa miezi. Halafu, Ijumaa moja wateja walipokwisha kuondoka, aliniita jikoni akiwa anakwangua ukoko sufuriani. Hamisi alikuwa ameuza kila alichokuwa nacho cha kuuzika, alisema, na akinunua kitu kibaya hatapata nafasi nyingine. "Lakini si hiyo inaniamsha usiku. Mtoto wangu akipenda kitu haulizi. Anakipenda tu, basi. Wewe ni mtu wa maswali. Nenda naye. Uliza yote, uliza mpaka wakufukuze. Mimi nataka huyu kijana arudi nyumbani na miguu yake miwili." Nilimwahidi. Leo nikikumbuka uso wake katika mwanga wa makaa, naona kwamba alikuwa ameshakubali kushindwa, na alichokuwa akitafuta ni mtu wa kushindwa pamoja naye.

Pikipiki za mbio hazikupatikana Nyeri. Tulisikia kuna mtu Kutus, kule Kirinyaga chini, aitwaye Gachanja, anayeleta zilizotumika ng'ambo, tukaenda kwa boda ya kuazima kupitia Karatina na Kerugoya, tukishuka kutoka baridi yetu hadi joto la mashamba ya mpunga. Gachanja alitukaribisha kwa soda na akafunua turubai kama mtu anayefunua meza ya harusi. Zilikuwa mbili. Moja ya buluu, ndogo, ya mia tatu kwa ukubwa wa injini. Nyingine nyekundu, ya mia sita, pana kifuani, na ilipowashwa mlio wake ulinipanda miguuni. Nilitoa maswali yangu. Niliuliza matairi yana umri gani, nani aliimiliki, kwa nini aliiuza, vipuri vinatoka wapi. Niliikalia ya mia sita, visigino vyangu havikugusa chini. Nikaisukuma kidogo kuigeuza uani, ikanielemea, na Hamisi akaidaka. Ya mia tatu niliigeuza mwenyewe. Hizo ndizo zilizokuwa sababu zangu zote, na nilidhani ni sababu nzito: miguu ifike chini, mikono iweze uzito. Sikuuliza chochote kuhusu breki. Hamisi naye hakuuliza. Alikuwa amesimama mbele ya ile nyekundu mikono nyuma, kama mtu aliyefika msibani au harusini na hajui ni kipi kati ya viwili.

"Nyinyi watu wa Nyeri nawajua," Gachanja alisema akicheka. "Swali yenu huwa ni moja tu. Inapanda? Hata mkiuziwa ng'ombe mtauliza kama inapanda." Hakukosea. Kwetu milima haiishi. Gari, mkokoteni, punda, vyote hupimwa kwa kupanda, na kupanda na mzigo. Hamisi akamwuliza, "Na inapanda?" Gachanja akaonyesha uwanda uliotuzunguka. "Hapa Kutus ni kama meza, utajuaje? Nitazileta kwenu na pikapu Jumapili. Mzipandishe mlima mnaotaka, halafu mniambie."

Alizileta. Habari zilikuwa zimezunguka, na tulipofika kwenye mlima tuliouchagua, kwenye barabara ya Othaya, lami inapotoka mtoni na kupinda mara mbili katikati ya majani chai, tulikuta umati kana kwamba kuna harambee. Madereva wa boda walikuwapo wote. Mmoja wao akasema pikipiki haipimwi tupu, na wote wakaitikia, na kabla sijaelewa wanafanya nini walikuwa wamefunga gunia la viazi kwa mipira juu ya kile kikalio kidogo cha nyuma cha pikipiki ya mbio, kikalio kisichotosha hata mtoto. Gachanja alishika kichwa. "Hiyo si punda, jameni! Hiyo ni kitu ya spidi!" Hakuna aliyemsikiliza. Ya mia tatu ilitangulia, Hamisi juu yake, na kwenye kona ya pili ilianza kulia na kushusha pumzi, akarudisha gia, akarudisha tena, ikafika juu ikitambaa. Watu walipiga miluzi. "Hiyo ni ya kupeleka mayai kanisani!" "Muuzie mwalimu wa nasari!" "Nyawira, chukua yako, inakungoja!" Kisha wakahamisha gunia. Ya mia sita haikupanda ule mlima, iliumeza. Ilitoka mtoni ikanguruma mara moja tu na kona ya kwanza ikawa imekwisha, mipira ikakatika, gunia likapasuka, na viazi vikaanza kuteremka barabarani, vikirukaruka, vikiongeza kasi, watoto na watu wazima wakivikimbiza wakicheka mpaka mtoni. Hamisi alirudi kutoka juu amevua helmeti, anacheka na analia kwa pamoja. Nilimwona mtu akipenda kitu mbele ya macho yangu. Hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si Baba Shiro, si wale mabingwa wote wa boda, aliyesema: sasa na tuone inavyoshuka.

Jioni ile, mbele ya mama yake, nilisema nilichokuwa nimeombwa kusema. Tulikuwa tunakula chapati na ndengu, Gachanja akiwa mgeni wa heshima kwenye kochi kubwa. "Chukua ya mia tatu," nilimwambia Hamisi. "Umeendesha miezi tu. Hiyo nyekundu ina nguvu ya watu ambao wameendesha miaka." Niliyasema polepole, kwa sauti ya mahakamani, na kila mtu chumbani akayasikia. Hamisi aliikunja chapati yake mara nne. "Nyawira, nimesikia. Umeuliza maswali yote na majibu yako ni sawa. Lakini mimi maisha yangu yote nimevaa viatu ambavyo wateja wamekataa. Hii moja nataka nichukue ile ninayoitaka." Mama yake alinitazama, nikamtazama, akainuka kukusanya sahani. Gachanja alirudi Kutus na ile ya buluu kwenye pikapu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Naliandika hili kwa sababu waliomlilia juzi hawakulijua. Asubuhi aliiwasha ile pikipiki uani kabla ya kwenda sokoni, aiache ingurume tu, na mama yake akalalamika kwamba kuku wameacha kutaga. Alininyanyua juu ya kile kikalio cha viazi akanipeleka Chaka kula nyama, mlima ukiwa umefunguka wote upande wa kulia, theluji yake ikionekana, na alipopiga gia ya nne nilisikia akiimba ndani ya helmeti, vibaya, kwa sauti ya juu, kama mtu aliye bafuni. Alisimama tofauti. Aliuza viatu tofauti. Wateja walikuja kuona pikipiki wakaondoka na viatu. Nilimwona mwanamume ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa amefika mahali kwa kutaka kwake mwenyewe, na wivu wangu haukuwa mdogo.

Alianguka kwenye mlima ule ule wa barabara ya Othaya, akishuka, mchana, lami ikiwa kavu. Kulikuwa na lori la majani chai limesimama baada ya kona. Niliitwa kama mwandishi kabla sijaitwa kama rafiki: mtu wa kituo cha boda alipiga simu akasema kuna ajali, njoo uandike, na nilikuwa nimeshatoa kalamu nilipoiona rangi nyekundu mtaroni. Walikuwa wameshampeleka hospitalini. Sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hivyo nikafanya ninachojua. Niliuliza. Wachumaji wa chai waliniambia hakuwa akienda kasi ya wazimu. Dereva wa lori alikuwa ameketi kwenye nyasi, akasema alimwona kwenye kioo, alimwona akikanyaga, gurudumu la nyuma likafunga na kuanza kuyumba kama mkia wa samaki, na mkono wa kulia haukusogea kamwe kwenye breki ya mbele. Baba Shiro alifika kutoka Endarasha, akatembea juu ya ile alama nyeusi iliyokuwa lamini, moja tu, ndefu, ya gurudumu moja. Alichuchumaa mwisho wake. "Alifanya vile nilimfunza," alisema. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha pikipiki; ya mguu peke yake hufunga gurudumu la nyuma tu. Nikaelewa palepale kwamba hata ile ndogo ya buluu ingefunga gurudumu vivyo hivyo, na kwamba mimi nikiwa juu yake ningekanyaga vivyo hivyo, na ushauri wangu wa mezani, wenye miguu kufika chini, haukuwa umehusu chochote kilichotokea mahali pale.

Lakini mji ulikuwa umeshaamua. Walipomrudisha Hamisi nyumbani, mguu wa kulia ukiwa na vyuma na madaktari wakisema hautakunjika tena, kile chumba cha mbele kilijaa watu kila jioni, na kila aliyeketi, baada ya pole na baada ya chai, alinigeukia. "Na huyu dada alisema." "Si Nyawira alimwambia? Alimwambia hapa hapa!" "Mtoto hasikii. Msichana wa watu alisema." Walinipongeza. Mzee mmoja alinishika mkono kana kwamba nimefaulu mtihani. Hamisi alikuwa amelazwa kwenye kochi kubwa, blanketi mpaka kifuani, na kila neno hilo liliposemwa aligeuza uso kwenye ukuta, taratibu, kama mtu anayewapisha wengine njia. Mama yake peke yake hakulisema. Aliniwekea sahani ya pilau mbele yangu na kuiondoa ikiwa imejaa. Nimekosea mara nyingi maishani na nimezoea; kuwa sahihi namna ile sijazoea mpaka leo.

Nilingoja siku ambayo chumba kilikuwa kitupu, nikaketi kwenye stuli karibu na kichwa chake, nikamweleza yote niliyoyauliza mlimani: lori, alama moja, breki, maneno ya Baba Shiro. Nilidhani namletea zawadi. "Hata ungechukua ya mia tatu ingekuwa hivi hivi," nilimwambia. "Sikuwa sahihi, Hamisi. Nilibahatisha. Haikuwa kosa lako kuchagua ile."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. "Kwa hivyo mimi sikufanya kitu," alisema mwishowe.

"Sijasema hivyo."

"Ndivyo unasema. Kama ndogo ingeanguka, na kubwa ingeanguka, na breki ni ya Baba Shiro, na lori ni ya majani, basi mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa gunia la viazi?" Alijaribu kucheka, ikamuuma. "Nyawira, nilichagua. Hao watu wote wanakuja hapa kuniambia nilichagua vibaya, sawa, nimekubali. Sasa wewe umekuja kuniambia sikuchagua hata. Niachie hiyo. Mguu umeshakufa. Hiyo niachie."

Nilimwomba radhi. Alisema hakuna haja, akafumba macho, na nikajua kwamba mradi nipo chumbani mle nitakuwa mmoja wa watu wawili: yule aliyemwonya, au yule anayemwambia haikuwa na maana. Hakukuwa na wa tatu. Kabla mwaka haujaisha nilihamia Nanyuki. Baadaye nilienda Kutus, peke yangu, nikanunua ile ya buluu, ambayo hakuna aliyeitaka, nikajifundisha upya breki zote mbili kwenye uwanja mtupu, na niliiendesha miaka mingi. Nilipokuja Nyeri kwa kazi niliiegesha mbali, upande wa juu wa mji, nikashuka Majengo kwa miguu ili asiisikie.

Juzi, basi, niliketi na wanawake katika chumba kile kile, makochi mapya, madirisha mapya, mama mwenye nyumba akiwa amefariki zamani. Walizungumza juu ya marehemu kwa upole: mtu mtaratibu, mtu wa msikiti na duka, hajawahi kumpandishia mtu sauti. Mwanamke aliyekuwa akinimiminia chai akasema kwamba ule mguu ni marafiki waliomponza. "Nasikia kulikuwa na msichana fulani wa magazeti. Huyo ndiye alimtia pikipiki kichwani, halafu akamkimbia." Nilipokea kikombe, nikasema asante. Kando yangu alikuwa ameketi Rukia, binti mkubwa wa Hamisi, wa umri niliokuwa nao mwaka ule, macho yamevimba. Alisubiri yule mwanamke aende na chupa yake ya chai, akaniinamia.

"Shangazi, Baba Shiro anasema wewe ulimjua baba kabla ya mguu. Ni kweli watu walimsukuma achukue hiyo pikipiki?"

Nilikuwa na majibu mengi, yote ya kweli, yote nimeyahakikisha kwa mashahidi. "Hapana," nilimwambia. "Zilikuwa mbili. Aliziendesha zote mbili. Alisikiliza kila mtu, hata waliompinga. Halafu akachagua mwenyewe."

Rukia alinitazama kana kwamba nimemtajia mtu mwingine. "Baba? Kuchagua?" Alijifuta uso kwa ncha ya buibui. "Sisi kwetu ukimuuliza chai ama uji, ni 'yoyote tu.' Shule yangu, 'yoyote tu.' Hata shati ya Idi ni mama alikuwa anamchagulia. Sijawahi kumsikia akisema anataka hii." Nilimshika mkono, nikakosa swali la kumwuliza, na tukakaa hivyo mpaka wanawake walipoanza kusoma dua.